Ukuta Unaokaa na Moto

Mwanzoni mwa Oktoba, mvua zikiwa bado, jua la saa sita mchana hupita Tabora karibu kabisa na utosi. Mji uko digrii tano kusini mwa ikweta, kwenye uwanda ulioinuka mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Saa hiyo kila mita moja ya mraba ya ardhi iliyo wazi hupokea takriban kilowati moja ya nishati ya jua. Msomaji aishike namba hii, kilowati moja kwa mita ya mraba, maana ndiyo rula tutakayopimia kila kitu katika somo hili.

Somo lenyewe ni la kuta za mitambo ya myeyungano wa nyuklia, ile inayojaribu kuwasha hapa duniani moto wa aina unaowaka ndani ya jua. Hakuna mtambo wa namna hiyo Tabora, wala popote Afrika Mashariki. Lakini swali lake kubwa, kwamba ukuta ufanye nini unapokaa na moto, limekwisha kujibiwa zaidi ya mara moja katika nchi hii ya misafara, na kila jibu lilikuwa la namna yake. Anayeyaelewa majibu hayo ya zamani hatapata taabu na jipya.

Tuanze na tembe. Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora, ipo nyumba ya makumbusho inayokumbusha siku ambazo Livingstone na Stanley walikaa hapo mwaka 1872. Ni tembe la kawaida la Unyanyembe, kama lilivyoitwa eneo hili la Tabora: ukuta mnene wa udongo, paa bapa la udongo. Nje jua linachoma, ndani kuna ubaridi wa kumfanya mtu asinzie. Wengi husema udongo "hauingizi joto". Si kweli, unaliingiza, ila kwa uvivu.

Joto ni mtikisiko wa atomu. Atomu za upande uliopigwa na jua hutikisika kwa nguvu, zinazisukuma jirani zake, nazo zinasukuma zinazofuata, hivyo hivyo mpaka upande wa pili. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alichapisha kitabu kilichouweka mwendo huu katika hesabu, na hesabu yake haijabadilika hadi leo. Chukua uwezo wa kitu kupitisha joto, zidisha kwa tofauti ya nyuzijoto kati ya pande mbili za ukuta, kisha gawanya kwa unene. Utapata kiasi cha joto kinachopita kila sekunde katika kila mita ya mraba. Udongo mkavu na matofali ya kuchoma vina uwezo wa kama wati moja kwa kila mita kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Chuma cha kawaida kina 50 hivi. Shaba ina karibu 390.

Kwa udongo mzito na mvivu namna hiyo, wimbi la joto la mchana huchukua kama saa kumi kupenya ukuta wa sentimita 30, tena likifika limebaki dogo sana. Linafika usiku wa manane, wakati ambao mtu angelikaribisha. Huo ndio ufundi wa tembe: kulichelewesha joto mpaka jua lichwe. Tembe linamtegemea adui anayeondoka kila jioni.

Tanuru la chuma halina jioni. Katika karne ya 19 majembe ya chuma yalikuwa bidhaa kubwa ya Unyanyembe, yalilipwa kama mahari na kubadilishwa kwa vitu vingine, na mengi yaliletwa kutoka kwa wafua chuma wa pande za Uzinza. Warongo, kati ya Geita na Biharamulo, walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Wafipa, kusini-magharibi, walijenga matanuru marefu yanayofika mita tatu, yaliyovuta upepo yenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kushika mivukuto. Wahaya walifanya kazi kwa mivukuto, na tanuru lao ndilo lililoandikwa kwa undani zaidi, kwa sababu katika miaka ya 1970 wazee waliokumbuka kazi hiyo walilijenga upya mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, walioyachapisha waliyoyaona katika jarida la Science mwaka 1978.

Walichimba shimo na kulisiliba kwa udongo wa kichuguu. Juu yake wakainua bomba la moshi kwa mapande ya mavi ya chuma ya zamani yaliyokandikwa tope. Mirija minane ya udongo wa kuchoma iliingizwa mpaka ndani ya tanuru ili kupeleka upepo katikati ya mkaa. Joto lilipita nyuzi 1,300.

Kwa nini kichuguu? Mchwa hupandisha juu chembe laini kabisa za udongo na kuziunganisha kwa mate, wakiacha kokoto chini. Ukiukanda udongo huo unakubali umbo na haujai nyufa ovyo. Udongo mweupe safi, ule wa kaolini, hauyeyuki mpaka uvuke nyuzi 1,700. Ila udongo wa porini haupatikani safi: una chuma, chokaa na chumvichumvi za majivu, na kila kimoja kati ya hivyo huushusha moto wa kuyeyukia. Mfua chuma hakuwa na jedwali la nyuzijoto. Alikuwa na udongo aliokwisha kuujaribu motoni, na akajenga bomba lake kwa vipande vya tanuru la jana. Kama huko si kujaribu malighafi ya ukuta, sijui tukuite nini.

Wataalamu walibishana sana kama mirija ile iliyoingizwa ndani iliupasha upepo moto kabla haujafika kwenye mkaa. Ubishi huo siuingilii hapa. Linalonihusu ni ncha ya mrija. Kila palipoyeyushwa chuma, kuanzia Ufipa mpaka Buhaya, waokotaji wa mabaki hukuta mirija ambayo ncha yake imegeuka kioo cheusi na kuchuruzika. Mrija ulikuwa ukiliwa na moto taratibu, na fundi alijua utaliwa. Hakuutafutia udongo wa milele. Aliutaka uishi mpaka kazi iishe, basi.

Kwa hiyo ukuta wa tanuru, tofauti na wa tembe, unalizuia joto lisitoke. Udongo unafaa hapo kwa uvivu ule ule wa kupitisha. Lakini upande wa ndani wa ukuta mvivu lazima uwe na moto karibu sawa na wa mkaa wenyewe, maana hauna pa kuutupia. Ukuta wa kuzuia huishi kwa kutegemea kitu kimoja tu, yaani kiwango chake cha kuyeyuka. Kikipitwa hicho, hauna hila nyingine.

Hila nyingine ililetwa na reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikafuata kwa sehemu kubwa njia ya wapagazi, na kwa miongo mingi ilivutwa na vichwa vya treni vya mvuke. Ndani ya kichwa cha treni kuna sanduku la moto, na kuta zake ni bati la shaba au chuma. Ndimi za moto upande mmoja huvuka nyuzi 1,100, na shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Bati haliyeyuki. Upande wake wa pili kuna maji yaliyofungwa kwa mgandamizo, yanayochemka kwenye nyuzi 190 hivi, nayo yanalinyang'anya bati joto upesi kuliko moto unavyolipa.

Tumia hesabu ya Fourier. Tuseme kilowati 100 zinaingia katika kila mita ya mraba ya bati, yaani jua 100 za Tabora. Bati la chuma la milimita 10 litakuwa na tofauti ya nyuzi 20 tu kati ya upande wa moto na upande wa maji. Sasa acha maji ya chumvi yaweke ukoko wa milimita moja. Ukoko ni mvivu kama udongo, kwa hiyo milimita ile moja peke yake inaongeza nyuzi 100. Ndiyo maana mafundi wa karakana walitumia muda mwingi kuosha na kukwangua ndani ya boila. Na dereva akiacha maji yashuke chini ya dari ya sanduku la moto, dari inalainika na kupasuka. Kwa tahadhari hiyo waliweka darini vizibo vyenye risasi ndani: risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, mvuke unachomoka na kumpigia kelele mtia moto kabla dari haijalainika.

Hapa ndipo fikra inapogeuka. Bati la treni haliishi kwa kuwa sugu kwa moto, linaishi kwa kuupitisha upesi kwenda kwa mwenye uwezo wa kuubeba.

Twende sasa Saint-Paul-lez-Durance, kusini mwa Ufaransa, ambako mataifa kadhaa yanajenga kwa pamoja mtambo uitwao ITER. Humo deuteri na triti, ndugu wawili wazito wa hidrojeni, watapashwa moto hadi nyuzi milioni 150 ili viini vyao vigongane na kuungana. Kila muungano hutoa kiini cha heli na nyutroni moja. Msomaji atauliza mara moja: nyuzi milioni 150 ziwekwe kwenye chombo gani? Na atasikia jibu la haraka kwamba hewa hiyo ya moto, plazima, imeshikwa na sumaku isiguse ukuta. Jibu hilo ni nusu tu.

Kwanza tutenganishe ukali wa joto na wingi wa joto. Cheche inayoruka kwenye fuawe ya mhunzi ina nyuzi zaidi ya elfu moja, ikikuangukia mkononi unaipangusa. Ndoo ya maji yenye nyuzi 90 itakupeleka hospitali. Plazima ya ITER ni cheche kubwa. Inajaza mita za ujazo zaidi ya 800, lakini yote kwa pamoja haifiki gramu moja. Ukali ni wa kutisha, wingi ni mdogo. Ikigusa ukuta kwa bahati mbaya, yenyewe ndiyo huzimika kwanza, ingawa huacha kovu.

Taabu haiko kwenye nyuzi zile milioni. Iko kwenye joto linalozalishwa bila kukoma, ambalo lazima litoke. Mtambo umekusudiwa kutoa megawati 500 kwa kuingiziwa megawati 50 za kupashia. Nyutroni huondoka na sehemu nne kwa tano ya nishati. Hazina chaji, sumaku haizishiki, zinaingia ndani kabisa ya kuta na kupasha unene wote. Sehemu ya tano, megawati 100, hubaki na heli. Ongeza zile 50 za kupashia: megawati 150 zinatafuta mlango kupitia uso wa ukuta. Nyingine husambaa kama mwanga, jambo jema. Zinazobaki hufuata mistari ya sumaku hadi sakafuni, zikatua kwenye ukanda mwembamba. Hapo, katika vipande 54 vinavyounda sakafu hiyo, uso unaopigwa na joto umesanifiwa kupokea megawati 10 kwa mita ya mraba kwa muda mrefu, na 20 kwa vipindi vifupi.

Rudi kwenye rula yetu. Megawati 10 ni jua 10,000 za Tabora zilizorundikwa juu ya mita moja. Uso wa jua lenyewe hutoa kama megawati 63 kwa mita ya mraba.

Jaribu kuweka udongo wa kichuguu hapo. Milimita moja ya udongo ingehitaji tofauti ya nyuzi 10,000 ili kupitisha mzigo huo. Ungeshageuka mvuke. Hata kama tungepata udongo usioyeyuka kabisa, uvivu wake ungetuua. Jibu la tanuru halifai. Jibu la treni ndilo linalotakiwa, lakini kwa mzigo mara 100.

Kwa miaka mingi wajenzi walipenda kaboni, ndugu wa madini ya kinywe yanayochimbwa Mahenge na Lindi. Kaboni haiyeyuki katika hali hiyo, inastahimili mshtuko wa joto, na uzuri wake haukosi watetezi hadi leo. Mtambo wa JET uliokuwa Culham, Uingereza, ulikuwa na vigae vya kaboni. Shida ni kwamba hidrojeni inapenda mno kaboni: inaungana nayo, inaibandua, kisha inajibandika nayo pembeni, na triti, ambayo ni adimu na yenye mnururisho, inabaki imenaswa humo. Mwaka 2011 JET ilianza kazi na ukuta mpya wa berili na wolframi. Oktoba 2023 ukuta huo ulishuhudia megajuli 69 zikitoka katika pigo moja, na Desemba mtambo ukafungwa. Megajuli 69, kwa lugha ya LUKU, ni kama uniti 19. Usicheke, ilikuwa rekodi ya dunia kwa mitambo ya sumaku.

Wolframi huyeyuka kwenye nyuzi 3,422, kuliko metali nyingine yoyote, na ikiwa ya moto bado inapitisha joto karibu wati 120 kwa mita kwa nyuzi. Katika sakafu ya ITER imekatwa vitofali vidogo, upana wa sentimita tatu hivi, vimetobolewa katikati na bomba la aloi ya shaba likapita ndani yake na maji ya kasi. Kati ya bomba na wolframi kuna tabaka jembamba la shaba safi. Milimita 8 za wolframi juu ya bomba, kwa megawati 10, hutoa tofauti ya nyuzi 670 hivi. Ongeza joto la shaba na la maji, uso unafikia nyuzi elfu moja na kitu. Kwa metali inayoyeyuka kwenye 3,422, ni mzigo unaobebeka.

Basi tatizo limekwisha? Hapana, maana hesabu ile haijui kwamba vitu hupanuka. Shaba hupanuka karibu mara nne ya wolframi. Kila moto ukiwaka shaba inavuta huku, wolframi inakataa, na ugomvi wote unaishia kwenye kiungo. Ndiyo sababu vitofali ni vidogo, ili ugomvi usikusanyike, na shaba safi imewekwa kati kwa kuwa ni laini, inakubali kuvutwa. Ukuta wa namna hii haujaribiwi kwa kuuliza tu, unaweza kufika nyuzi ngapi. Unaulizwa: utawaka na kuzima mara ngapi?

Majaribio hufanyika bila plazima yoyote. Kipande hufungwa ndani ya chumba kisicho na hewa, maji yanapitishwa kwenye bomba, halafu bunduki ya elektroni inapiga uso wake kwa sekunde chache, inazima, inapiga tena. Huko Jülich, Ujerumani, mashine za JUDITH zimefanya kazi hiyo kwa miaka. Huko Garching, nchi hiyo hiyo, wanatumia miali ya hidrojeni. Vipande vya ITER vilipelekwa St. Petersburg, Urusi. Sharti lilikuwa mizunguko 5,000 kwenye megawati 10, na 300 kwenye megawati 20. Kamera inayoona joto inatazama muda wote. Doa moja likiwaka zaidi ya jirani zake, wahandisi wanajua bila kufungua kitu: chini ya hapo kiungo kimeachia, joto limekosa njia, kama bati lenye ukoko.

Majaribio ya megawati 20 yalileta jambo la kufundisha. Wolframi ikivuka nyuzi 1,200 au 1,300 kwa muda, chembe zake zilizobanana kwa kufuliwa huanza kukua upya na kuwa kubwa, nguvu inapungua. Baada ya mizunguko mia kadhaa baadhi ya vitofali vilipasuka katikati, ufa ukashuka kutoka juu kuelekea bomba. Anayetazama kwa macho angesema kimekufa. Kamera ilisema hapana, joto lilikuwa linapita kama kawaida, kwa sababu ufa ulisimama sambamba na mwendo wa joto, haukulikata. Ufa mdogo tu, usioonekana kwa nje, ukilala sambamba na uso, huo ndio unaoua. Fourier angelijua hilo bila kuona kipande chenyewe.

Kuna majaribio mengine ambayo bunduki ya elektroni haiwezi. Heli ikipiga wolframi ya moto hujikusanya ndani yake kwa viputo, na uso unaota manyoya madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Mashine ya Magnum-PSI, huko Eindhoven, Uholanzi, hutengeneza plazima nene ya kujaribia mambo hayo. Na wolframi ikibanduka na kuingia katikati ya plazima hung'aa kupita kiasi na kuipoza. Atomu chache katika kila 10,000 zinatosha kuzima moto. Kaboni haikuwa na ubaya huo. Hata hivyo mwaka 2023 ITER iliamua kuachana na berili pia na kuvika ukuta wake wote wolframi, na Februari 2025 mtambo wa Kifaransa wa WEST, wenye ukuta wa metali hiyo hiyo, ulishika plazima kwa sekunde 1,337, zaidi ya dakika 22. Kwa maoni yangu habari hiyo ilistahili kelele kubwa kuliko ile ya megajuli, maana ukuta haujifichi kwa dakika 22.

Wolframi yenyewe haiko mbali nasi. Mwamba wenye madini yake unakatiza Kigezi ya Uganda, Rwanda na Kivu. Nyakabingo, Rwanda, ni kati ya machimbo makubwa ya wolframi barani Afrika.

Kilichobaki ni nyutroni. Zikipita ndani ya wolframi huzisukuma atomu kutoka mahali pake, na nyingine huzigeuza kuwa reni na osmi, metali ambazo hazikutakiwa humo na ambazo zinaufanya ukuta upitishe joto vibaya na uwe mwepesi kuvunjika. Bunduki ya elektroni haijui lolote juu ya hilo, na hakuna mahali duniani penye nyutroni za kasi hiyo kwa wingi na muda unaotosha kuujaribu ukuta wa miaka kumi ijayo. Mtambo wa kuzitengeneza, DONES, unajengwa Escúzar, karibu na Granada, Hispania. Kwa hiyo, msomaji, siku utakaposikia redioni kwamba jua la bandia limewashwa tena kwa rekodi mpya, usiulize lilifika nyuzi milioni ngapi. Uliza ukuta wake umepigwa mizunguko mingapi, na kama umeshaonja nyutroni.